Jicho la Askari Mbele ya Mlipuko



Mwishoni mwa mwaka 2024 ujumbe wa Umoja wa Afrika nchini Somalia, uliojulikana kwa jina la ATMIS, ulifikia kikomo chake, na Burundi haikuingia katika ujumbe mwingine uliofuata. Hivyo ndivyo ilivyokwisha safari iliyoanza Desemba 2007, pale askari wa kwanza wa Burundi walipotua Mogadishu wakiwafuata Waganda waliotangulia mwezi wa Machi wa mwaka ule ule. Kwa muda wa miaka 17 vikosi vilipokezana zamu, vingi vikiwa vimepitia mazoezi katika kambi ya Mudubugu, katika uwanda wa Imbo, kabla ya kupanda ndege hapa Bujumbura.

Waliokufa huko walizikwa, na majina yao yanatajwa. Aliyekatwa mguu huonekana barabarani, na watu humpisha. Lakini katika kila jeshi lililowahi kupambana na mabomu wapo majeruhi ambao hesabu za vita huwapita upesi: wale waliorudi na viungo vyote isipokuwa nuru ya jicho moja, au ya yote mawili. Mara nyingi chuma kilichowapofusha hakikuzidi punje ya mtama. Historia ya jeraha hilo ni ndefu, nayo ina jambo moja ambalo mtu wa jeshi na mtu wa polisi hawana budi kulishika. Jicho halipotei tu kwa sababu ya ukubwa wa bomu. Mara nyingi hupotea kwa sababu ya yale yaliyotendeka sekunde chache kabla ya mlipuko, au saa chache baada yake.

Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu hiyo inashangaza. Macho mawili yakipimwa pamoja hayafiki hata sehemu moja kwa mia ya mwili wa binadamu unaoelekea mbele. Ni kama robo tu ya sehemu hiyo moja. Kama vipande vya bomu vingekuwa vinagawanywa kwa haki mwilini, daktari wa jeshi angeona jeraha la jicho mara chache mno. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, ndivyo ilivyokuwa: majeruhi wa macho walikuwa kama nusu ya mtu kwa kila mia. Katika Vita Kuu ya 1914 wakafika wawili kwa kila mia. Huko Vietnam walikaribia tisa. Na katika vita vya Ghuba vya 1991, miongoni mwa Wamarekani, walifika 13 kwa kila mia. Jicho la binadamu halikukua katika miaka hiyo 130. Kilichobadilika ni silaha, na pia mavazi ya askari.

Zamani adui mkubwa wa askari alikuwa risasi. Risasi hupita mahali pamoja. Ikikupata kichwani, huna tena haja ya daktari wa macho. Kombora, guruneti na bomu la kutegwa havifanyi kazi hiyo. Kila kimoja hupasuka kikawa vipande mamia kwa maelfu, vingi vikiwa vidogo mno, na pamoja navyo huruka mchanga, changarawe, vigae vya kioo na vibanzi vya mbao. Kipande kidogo kikigonga bega, ngozi hukizuia, na askari huenda asijue mpaka jioni anapovua shati. Kipande hicho hicho kikigonga jicho hupenya, kwa kuwa ukuta wa mbele wa jicho unene wake ni kama nusu tu ya milimita. Halafu wakaja mafundi wa kofia za chuma na fulana za kuzuia risasi, wakaokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini askari ambaye zamani angekufa kwa jeraha la kifua sasa anaishi, na uso wake ulikuwa wazi.

Si lazima kwenda Ulaya kuutafuta mwanzo wa habari hii. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Usumbura, mji huu uitwao leo Bujumbura, na Septemba 19 ya mwaka huo yakawa yamefika Tabora. Katika ziwa Tanganyika Wajerumani walikuwa wameifunga juu ya meli yao Goetzen moja ya mizinga mikubwa iliyookolewa kutoka manowari yao Königsberg, ile iliyoangamizwa katika mlango wa mto Rufiji mwaka 1915. (Goetzen yenyewe ilizamishwa na wenyewe, ikaja kuopolewa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, wazee wengi wa bandarini waliipanda bila kujua kwamba iliwahi kuwa meli ya vita.) Upande wa Kenya, vikundi vya Wajerumani vilikuwa vikitega mabomu chini ya reli ya Uganda. Kwa hiyo makombora ya kisasa na mabomu ya kutegwa viliingia katika nchi hizi ndani ya miaka miwili mitatu tu. Askari wa pande zote mbili walivikabili wakiwa na kofia za kitambaa, na wapagazi wakivikabili vichwa wazi.

Wakati huo huo, katika mahandaki ya Ufaransa, kulikuwa na jaribio moja lenye mafunzo mengi. Wafaransa walianza kuwagawia askari wao kofia za chuma mwaka 1915. Madaktari wakaona upesi kwamba kofia inalinda utosi, ila uso unabaki ulivyo. Daktari mmoja wa macho wa Kiingereza, Richard Cruise, akatengeneza pazia la minyororo midogo ya chuma la kuning'inia mbele ya kofia. Pazia lile lilizuia kweli vipande vidogo. Lakini askari hawakulipenda: lilicheza mbele ya macho, likawazuia kuona vizuri, na mtu asiyeona vizuri katika handaki hujiona tayari ni maiti. Pazia likaachwa. Huo ndio ugomvi wa kwanza kati ya daktari anayetaka jicho lifunikwe na askari anayetaka jicho lake liwe huru kutazama. Ugomvi huo haujaisha.

Vita ya pili ya dunia ilipokwisha, waliorudi Afrika Mashariki kutoka Uhabeshi na Burma walikuwamo waliopoteza nuru. Huko Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha mahali pa kuwatunza na kuwafundisha kazi askari waliopofuka vitani. Kutokana na kazi hiyo ikatokea mwaka 1946 shule ya wasioona ya Thika. Watoto wengi waliosoma hapo baadaye, ambao hawakuwahi kusikia mlio wa bunduki, walikalia madawati yaliyotokana na majeraha ya askari. Uingereza ilikuwa na mfano kama huo tangu 1915, pale Arthur Pearson, mwenye magazeti aliyepofuka kwa ugonjwa, alipoanzisha nyumba ya St Dunstan's ili askari asiyeona afundishwe kuishi na kufanya kazi, badala ya kuachwa akae kitini akingoja sadaka. Pearson alikuwa na maoni makali juu ya kuwahurumia vipofu, na katika jambo hili alikuwa na haki.

Sasa inafaa kueleza mlipuko unavyolidhuru jicho, maana wengi hudhani ni moto tu. Kwanza kabisa huja wimbi la hewa iliyobanwa. Likiwa na nguvu nyingi na mtu yu karibu, linaweza peke yake kulipasua jicho au kulivujisha damu ndani bila kuacha alama yoyote nje. Lakini mtu aliye karibu kiasi hicho kwa kawaida ana majeraha mengine makubwa zaidi. Baada ya wimbi huja vipande, na hivi ndivyo vinavyopofusha watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Halafu mtu mwenyewe hurushwa, akajigonga ukutani au katika chuma cha gari. Moto na kemikali huunguza kope na uso wa jicho. Bomu la kutegwa ardhini lina ubaya wake wa pekee: aliyelikanyaga hupoteza mguu, na udongo unaorushwa juu humpata usoni yeye na mwenziwe aliyeinama kulitazama au kulichimbua. Burundi iliridhia mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo mwaka 2003, ikateketeza akiba yake mwaka 2008. Kwa watu waliokuwa wakiyachimbua, kazi ilifanywa wakiwa wamejifunika ngao ya plastiki ngumu kutoka paji la uso hadi kidevuni, na hapakuwa na aliyewacheka.

Lakini kipo kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kuliko vingine jinsi jicho linavyojipeleka lenyewe kwenye hatari, nacho hakikutokea katika uwanja wa vita. Asubuhi ya Desemba 6, 1917, katika bandari ya Halifax nchini Kanada, meli ya Kifaransa Mont-Blanc, iliyosheheni karibu tani 3,000 za baruti na vitu vya kulipuka kwa ajili ya vita vya Ulaya, iligongana na meli nyingine yapata saa tatu kasorobo, ikashika moto. Moto ulikuwa mkubwa wenye rangi za ajabu. Watu wa mji wakaacha kifungua kinywa, watoto wakaacha mikoba ya shule, wote wakasimama kwenye madirisha kutazama. Walitazama kwa muda wa kama dakika ishirini. Saa tatu na dakika nne meli ikalipuka. Waliokufa walikaribia 2,000. Macho yaliyoripotiwa kuumia yalikuwa yapata 5,900, na watu 41 walipofuka kabisa. Madaktari walifanya kazi usiku na mchana wakiyatoa macho yasiyoweza kuokolewa. Kwa wengi wao, kilichowaumiza ni kioo cha dirisha la nyumba yao wenyewe.

Miaka 81 ikapita. Ijumaa Agosti 7, 1998, katikati ya asubuhi, lori lenye bomu liliufikia ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Mlinzi alikataa kufungua kizuizi. Wavamizi wakafyatua risasi na kurusha guruneti. Katika majengo ya jirani, hasa katika jengo refu la Benki ya Ushirika, makarani na wateja waliusikia mlio ule, wakafanya alichofanya kila mtu wa Halifax: waliinuka wakaenda dirishani kutazama kuna nini. Muda mfupi baadaye bomu kubwa likalipuka. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, na majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Makumi kwa makumi yao walipoteza macho, wengine yote mawili, kwa vioo vilivyowaruka usoni. Siku hiyo hiyo bomu lingine lililipuka mbele ya ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam, na huko pia watu walikufa.

Mtu wa polisi anayesikiliza maneno haya na ayapime. Mlio wa kwanza humwita mtu dirishani. Mlipuko wa pili humkuta hapo. Watega mabomu wa siku hizi wanalijua hilo, na baadhi yao hutega bomu la pili makusudi kwa ajili ya umati na askari wanaokuja kuona la kwanza. Kwa hiyo kazi ya askari wa kwanza kufika haianzi kwa kutafuta mhalifu. Inaanza kwa sauti yake: watu waondoke madirishani, wakae chini nyuma ya ukuta, wageuze nyuso. Hata mtu mmoja mmoja ana nafasi ndogo. Mwanga wa mlipuko hufika papo hapo, lakini wimbi la hewa huja nyuma yake kwa mwendo unaokaribiana na ule wa sauti. Aliye umbali wa mita 700 akiona mmweko ana karibu sekunde mbili. Sekunde mbili zinatosha kuinama chini ya dirisha. Hazitoshi kuuliza, "Kuna nini?"

Bujumbura nayo imeyaona. Mwezi wa Septemba 2021 maguruneti yalilipuka katika kituo cha mabasi katikati ya mji, yakaua na kujeruhi raia waliokuwa wakingoja magari ya kurudi nyumbani. Guruneti ni silaha ndogo inayobebeka mfukoni, na kwa jicho ni mbaya kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Mwili wake hutengenezwa kwa kusudi la kutoa vipande vingi vidogo. Kipande kisichoweza kumwua mtu aliye mita kumi na tano kinaweza kabisa kumpofusha.

Huko Mogadishu hatari ilikuwa ya kiwango kingine. Februari 22, 2009, washambuliaji wa kujitoa mhanga walikilenga kituo cha Waburundi, wakawaua askari 11. Septemba 17 ya mwaka huo magari mawili yaliyopakwa rangi za Umoja wa Mataifa yalipita vizuizi yakaingia katika makao makuu ya jeshi la Umoja wa Afrika karibu na uwanja wa ndege. Yakalipuka. Askari 17 wa Umoja wa Afrika waliuawa, 12 kati yao wakiwa Warundi, na miongoni mwao Meja Jenerali Juvénal Niyonguruza, naibu kamanda wa jeshi lote. Walikufa wakiwa kambini kwao, mahali ambapo askari huvua kofia. Hilo ndilo badiliko lililoletwa na vita vya namna hii: hakuna tena mstari wa mbele ambao mtu akirudi nyuma yake anaweza kuweka vifaa vyake sandukuni. Bomu lililofukiwa kando ya barabara ya kwenda kuchota maji halibagui mpishi na mpiga mzinga. Majeruhi wazito walipelekwa kwa ndege hadi Nairobi, na saa za safari zilikuwa saa za hatari kwa jicho.

Basi kuna kinga gani? Mwaka 1953 wakemia wawili, mmoja Ujerumani na mwingine Marekani, kila mmoja kivyake, walifanikiwa kutengeneza plastiki iitwayo polikaboneti. Ni nyepesi, inapitisha nuru kama kioo, lakini ikigongwa haipasuki kama kioo. Miwani yenye lenzi ya polikaboneti ya milimita mbili au tatu husimamisha sehemu kubwa ya vipande vile vidogo vinavyopofusha. Haizuii risasi, wala kipande kikubwa kilichotoka karibu. Anayesema vinginevyo anauza miwani. Walipochunguzwa majeruhi wa Kimarekani wa vita vya Iraki, ilionekana kwamba kati ya waliokuwa bila miwani hiyo, 26 kwa kila mia waliumia macho. Kati ya walioivaa, 17. Tofauti hiyo si muujiza. Lakini kamanda akiambiwa kwamba kuna kifaa chenye uzito wa gramu chache kitakachopunguza theluthi moja ya majeruhi wa macho, hawezi kusema hana haja nacho.

Ajabu ni kwamba kifaa hicho mara nyingi hukutwa mfukoni. Askari ana sababu zake, na si haki kuzidharau. Katika joto la pwani jasho huingia chini ya miwani na mvuke huifunika. Vumbi huichubua, na baada ya miezi mitatu doria ya jioni huonekana kama imo katika ukungu. Miwani ya giza aliyopewa kwa ajili ya jua haifai usiku, na ile nyeupe ya usiku imepotea. Anayevaa miwani ya nambari anaambiwa achague kati ya kuona na kulindwa. Na liko jambo ambalo askari hawalitaji hadharani: kijana haoni fahari kuwa wa pekee aliyevaa miwani katika kikosi kizima. Pazia la minyororo la Cruise lilikufa kwa sababu kama hizo hizo.

Jeshi lililofaulu katika jambo hili halikufaulu kwa hotuba. Lilifaulu pale kamanda wa kikosi alipovaa miwani yeye kwanza na kukataa kufungua lango mpaka kila mtu aliye juu ya gari awe ameivaa, kama anavyokataa mtu asiye na bunduki. Lilifaulu pia pale bohari ilipokubali kubadilisha lenzi zilizochubuka bila kumwuliza askari maswali kana kwamba ameiba. Jicho la askari mmoja likipotea, jeshi limepoteza mafunzo ya miaka na mtu wa kulenga shabaha; kwa bei ya lenzi mpya, hiyo ni biashara mbovu.

Inabaki habari ya zile saa chache za baadaye, na hapa mkono wa rafiki ndio unaoweza kuharibu. Mtu aliyepigwa jichoni huweka kiganja na kusugua. Mwenziwe humwonea huruma, akachukua kitambaa na kukandamiza ili damu isimame, kama alivyofundishwa kufanya kwa jeraha la paja. Kwa jicho hiyo ni dawa ya kuua. Jicho lililotobolewa limejaa maji na ute, na likibanwa hata kidogo, vilivyomo ndani hutoka nje na havirudishiki. Chuma kilichochomeka kisichomolewe. Jicho lililopasuka lisioshwe wala kupakwa marhamu. Kinachotakiwa ni kifuniko kigumu kisicholigusa jicho: ngao ya chuma ya sanduku la huduma ya kwanza, au ikikosekana, kitako cha kikombe cha karatasi au cha chupa ya plastiki kilichokatwa, kikae juu ya mifupa inayozunguka jicho na kufungwa kwa bendeji. Pamba isiwekwe chini yake. Majeruhi alale kichwa kikiwa juu, azuiwe kutapika, na afikishwe kwa daktari wa upasuaji kabla saa 24 hazijapita ikiwezekana. Jicho zima lisifunikwe pamoja na lililoumia, maana aliyefunikwa yote mawili hawezi kutembea wala kujikinga, na sasa wanahitajika watu wawili wa kumbeba. Ni kemikali tu inayotaka maji, na hiyo inataka maji mengi bila kungoja.

Zamani kulikuwa na sababu nyingine ya kuliogopa jicho lililotobolewa. Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, mtoto wa miaka mitatu alicheza na shazia katika karakana ya baba yake aliyekuwa fundi wa hatamu za farasi, akajichoma jicho moja. Muda si mrefu jicho la pili, ambalo halikuguswa na chochote, nalo likaugua, na mtoto akawa kipofu. Mtoto huyo alikuwa Louis Braille, aliyekuja kuwapa wasioona maandishi yao ya nukta, akianzia kwenye nukta zilizobuniwa na Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa mizinga. Madaktari huuita ugonjwa huo huruma ya jicho kwa jicho. Ndani ya jicho vimo vitu ambavyo walinzi wa mwili hawajawahi kuviona. Jicho moja likipasuka, walinzi hao huvitambua kama adui, wakavifuata mpaka katika jicho jingine. Katika vita vya karne ya 19 madaktari wa jeshi waliuona mara nyingi. Siku hizi ni nadra, kwa kuwa jicho hushonwa mapema, na lile lisiloweza kuokolewa hutolewa kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Askari anayeambiwa na daktari kwamba jicho lake litolewe hukataa, na ni haki yake kuumia rohoni. Lakini anapaswa kuelezwa kwa nini siku 14 zinahesabiwa.

Si kila kipande kilichoingia katika jicho la askari kiliishia gizani. Agosti 15, 1940, rubani wa Kiingereza Gordon Cleaver alikuwa angani akipigana na ndege za Wajerumani. Husimuliwa kwamba katika haraka ya kuruka hakuwa na miwani yake usoni. Risasi zikakipasua kifuniko cha chumba cha rubani, kilichotengenezwa kwa plastiki iitwayo Perspex, na vipande vikamwingia katika macho yote mawili. Akaruka kwa mwavuli, akaokoka. Jicho moja lilipotea. La pili lilifanyiwa upasuaji mara nyingi. Daktari Harold Ridley aliyewachunguza marubani wa namna hiyo aliona jambo ambalo vitabu havikulisema: vipande vya plastiki ile vilikaa ndani ya jicho miaka na miaka bila jicho kuvikataa. Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, Ridley alimtoa mgonjwa lenzi iliyoharibiwa na mtoto wa jicho akaweka mahali pake lenzi ya plastiki hiyo hiyo. Wakubwa wa fani yake walimpinga kwa miaka mingi. Leo mamilioni ya watu duniani huwekewa lenzi kama hizo kila mwaka, wakiwamo wazee wa vilima vya Burundi wanaoletwa hospitali wakishikwa mkono na kurudi wakitembea peke yao.

Cleaver naye alizeeka. Katika miaka ya 1980 lile jicho lake moja lililobaki lilishikwa na mtoto wa jicho. Madaktari wakamwekea lenzi.